Mwalimu Aliyetufundisha Kuki kwa Makofi

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa mtu wa kupiga. Nasema hili mwanzoni kabisa, asije mtu akaniambia baadaye kwamba namsengenya. Alipiga meza, alipiga mlango, alipiga mashine ikichelewa kuwaka. Na alitupiga sisi, watu wazima wenye vitambulisho, wengine wenye watoto nyumbani.

Mkono wake wa kulia ulikuwa mpana, na kidole cha kati kilipinda tangu zamani, sijui kilivunjikia wapi. Kofi lake lilikuja bila kutanguliwa na neno. Watu wengine hufoka kwanza, unapata nafasi ya kujikinga. Yeye alikuwa anaangalia skrini yako, ananyamaza, anaangalia tena, halafu pa! Ukishapigwa ndipo unaanza kutafuta kosa liko mstari gani.

Mtauliza, sasa mlikaa kwa nini? Hata mama yangu aliuliza. Mimi ni Zaina, binti wa fundi cherehani wa hapa Kamembe, na kwetu hakuna aliyewahi kunipiga kofi la uso. Nilikaa kwa sababu ukitoka kwa Mwalimu unajua. Sehemu nyingine wanakupa cheti chenye maua pembeni na hujui hata kufungua faili. Wanafunzi wake walikuwa wanachukuliwa Kigali bila kuulizwa maswali mengi. Wakisikia umetoka kwake, wanakupa kiti. Nilikaa miaka sita, mitatu ya kufundishwa na mitatu ya kumsaidia kufundisha. Nilimwogopa yote sita.

Darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari. Ukikaa karibu na dirisha unaona ziwa, na ng'ambo ya ziwa unaiona Bukavu imepanda vilima vyake, nyumba juu ya nyumba. Yeye kiti chake kilikuwa pale dirishani. Alikulia huko, akaja Rwanda mtu mzima, na Kiswahili chake hakikuhama naye. Alipokasirika kiliingiwa na Kifaransa, akituita "imbécile", yaani mpumbavu, kwa upole wa ajabu, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio.

Alikuwa na sheria moja kubwa: hakuna kutumia kitu kilichotengenezwa tayari kabla hujakitengeneza kwa mkono wako. Python, lugha tuliyoandikia programu, imejaa vitu vya tayari, mtu anaandika mstari mmoja na kazi imekwisha. Yeye alivikataza vyote. "Unatumia kitu haujui ndani yake kuko nini," alisema, "siku kinakukatala utalia wapi?" Basi tuliandika kila kitu wenyewe, hata vile ambavyo ulimwengu mzima umekwisha kuacha kuviandika.

Ndivyo tulivyofika kwenye kuki. Somo lilikuwa kuandika programu inayokwenda kwenye tovuti badala ya mtu: inaingia, inasoma kurasa, inarudi na habari. Taabu ni kwamba seva, ile mashine inayohifadhi tovuti, haina kumbukumbu. Ukiingia inakupa kikaratasi, ndiyo kuki hiyo, na kila ukirudi lazima ukionyeshe, la sivyo inakuangalia kama haijawahi kukuona. Mwalimu alisimama mbele akaeleza kwa namna ambayo mtu wa Kigali asingeielewa, ila sisi watu wa mpakani tuliielewa papo hapo.

"Kuki ni jeton," alisema. "Asubuhi unavuka kwenda Bukavu, banakupa jeton. Mangaribi unarudi nayo. Kesho banakupa ingine, ya jana imekufa. Utupe. Ukitembea na mbili, polisi atakuuliza wewe uko bantu wangapi."

Tulicheka. Kila mmoja wetu amewahi kushika kile kikaratasi pale darajani, kimelowa jasho kiganjani. Tukaandika programu zetu hivyo: kuki mpya ikija yenye jina lilelile, inakaa mahali pa ile ya zamani. Alizipitia zote, akazikubali, hakupiga mtu siku hiyo.

Siku iliyofuata alipiga. Kulikuwa na kijana wa Gitambi, mpole, mtoto wa wakulima, anatembea kwa mguu hadi barabarani kila asubuhi. Seva ilikuwa inatoa kuki tatu kwa mpigo, na programu yake ikazipokea zimeungwa mstari mmoja kwa mkato. Yule wa Gitambi akakata kila palipo na mkato. Kumbe tarehe ya kufa kwa kuki nayo ina mkato ndani yake, baada ya jina la siku. Kuki ikakatwa tumbo, na programu ikaamini ina kuki inayoitwa tarehe ishirini na moja. Mwalimu alisoma hayo kwenye skrini. Alichomoa kibodi, waya na kila kitu, akampiga nayo mgongoni mara nne hadi herufi zikaruka chumba kizima. Tulipiga magoti kuziokota. Ile R hatukuiona tena, na aliyekalia mashine ile alibonyeza shimo kwa kidole miezi yote iliyobaki. Yule wa Gitambi alilia bila sauti na akarudi kesho yake. Sasa ana kazi nzuri kuliko sisi sote, na ukimtaja Mwalimu anaondoka mezani.

Hayo ni maovu yake na sitayapaka sukari. Lakini mtu huyuhuyu hakuwahi kugusa pombe. Shati lake jeupe lilipigwa pasi hata umeme ukiwa umekatika siku mbili, kwa pasi ya makaa. Kanisani aliimba sauti ya chini na kulia machozi, kila mtu anamwona, hajali. Siku moja tuko kwenye pikipiki mbili tunakwenda kutengeneza mashine Muganza, mavumbi ya malori ya simenti yametufanya weupe, akamwona mchuuzi anampiga mbuzi aliyelala barabarani. Alisimamisha pikipiki, akamnyang'anya yule mtu fimbo, akamwambia mnyama hapigwi. Kisha akamcharaza yule mtu kwa fimbo ileile mpaka watu wakaja kuamua. Mimi nilisimama pale sijui nicheke au nikimbie.

Nilimuuliza mara moja tu kwa nini anapiga. Tulikuwa tunakula sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, amefurahi, nikaona ndiyo nafasi. Alitafuna mpaka akamaliza. "Kule banasema mimi Munyarwanda, banapiga. Huku banasema Mukongomani," alisema. "Nilichoka kungojea." Mimi sikuiona hiyo kuwa ni sababu. Wangapi walipigwa na wakabaki na mikono yao mifukoni?

Alikuwa na kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni mama yake. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Bibi huyo alikuwa anakaa Kadutu, Bukavu, mzee sana, na alikataa katakata kuhamia Rwanda. Alisema amechoka kuzoea majirani wapya. Kila Ijumaa mchana Mwalimu alifunga darasa, akanunua mkate, sukari na dawa za presha, akashuka darajani, akachukua jeton yake. Niliwahi kumsindikiza. Nilimwona kwa macho yangu amepiga magoti sakafuni, ameshika mguu wa mama yake juu ya paja, anamkata kucha kwa ule mkono. Bibi anamwita "Papa", kama wamama wa kule wanavyowaita watoto wao wa kiume, na yeye anaitika kwa sauti ambayo sisi hatukuijua. Nilirudi Kamembe nimemwonea wivu yule bibi.

Halafu vita vikafika Bukavu. Milio ilikuja juu ya maji, vioo vya darasa vikatetemeka, na sote tukasimama dirishani nyuma ya kiti chake. Moshi ulikuwa unapanda sehemu mbili. Simu ya bibi haikuita. Jirani mmoja aliyefanikiwa kuvuka alimwambia kwamba bibi alitoka nyumbani kwa mguu na kundi la watu, wengine walikuja upande wetu, wengine walishuka bondeni wakavuke mto Ruzizi kuingia Burundi. Yeye hakujua bibi alifuata kina nani. Mwalimu alimshika shingo yule jirani akamsukuma ukutani, "Ulimuacha? Ulimuacha muzee namna ile?" Tulimtoa watu watatu.

Kulikuwa na shirika linaloandika majina ya waliokimbia na kuyaweka kwenye tovuti, kwa wale wenye ruhusa ya kutafuta ndugu. Mwalimu alipewa ruhusa. Tovuti ilikuwa na sehemu mbili, moja ya vituo vya upande wetu, moja ya vituo vya Burundi. Haikuwa na mahali pa kuandika jina ukaliuliza. Ni kurasa mia na kurasa mia, zinabadilika kutwa. Macho ya mtu hayawezi. Programu inaweza.

Aliniita. Nilidhani ataandika mwenyewe, yeye ndiye Mwalimu, lakini alinionyesha mikono yake. Ilikuwa inatetemeka hata hawezi kushika kalamu. "Zaina, andika wewe. Mimi nitazunguka kwa miguu." Nikaandika siku ileile, kwa namna aliyonifundisha, kila kitu kwa mkono. Programu iliingia sehemu ya Burundi ikapewa kuki. Ikaingia sehemu ya kwetu ikapewa kuki. Kila saa ilipitia kurasa za sehemu zote mbili, ikatafuta jina la bibi, ikaandika neno moja: hayupo.

Yeye alizunguka vituo vyote vya upande wetu, anainua blanketi, anaangalia nyuso. Alirudi mchana amejaa matope, anasimama nyuma yangu. "Burundi?" Nasema hayupo. "Umeangalia muzuri?" Nasema programu imeangalia, Mwalimu. Siku ya kwanza, ya tano, ya nane. Burundi hakwenda, kwa sababu aliiamini programu yangu. Aliniamini mimi! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku ya kumi na moja, kabla ya saa sita mchana, nilichoka kulisoma neno lile, nikaiambia programu inihesabie majina yaliyosomwa kila sehemu. Upande wetu, maelfu. Burundi, sifuri. Redio ilikuwa inatangaza kila siku watu wanavyofurika Burundi, na mimi nasoma sifuri. Niliiambia programu inionyeshe kila kuki inayopewa, nikaona.

Kuki zile mbili zilikuwa na jina moja. Hazikuwa ya jana na ya leo, zilikuwa mbili hai kwa pamoja, moja ya njia ya Burundi na moja ya njia ya kwetu, na kila moja ilitakiwa kuonyeshwa kwenye mlango wake. Mimi nilipopewa ya pili niliitupa ya kwanza. Basi kila saa, siku kumi na moja, nilibisha hodi Burundi na kikaratasi cha Rwanda. Na tovuti haikupiga kelele wala kutoa kosa. Ilinipa ukurasa mzuri wenye jedwali tupu.

Ningeweza kusahihisha nikanyamaza, nani angejua? Nilikwenda kumwambia. Alikuwa amekaa dirishani na viatu vya matope. Nilisema, "Mwalimu, Burundi hatujaiangalia hata siku moja. Nilitupa kuki yake. Zilikuwa mbili, nikaweka moja."

Alinipiga kwa nyuma ya mkono, nikaanguka juu ya benchi, mdomo ukapasuka. Alinipiga tena nikiwa chini. Akainua kiti. Wanafunzi wamejibana ukutani, hakuna anayesogea, na mimi nikafikiri, wallahi leo ninakufa kwa ajili ya kuki. Mkono wangu ulikuta chaja ya laptopu sakafuni, ile kubwa ya zamani, nzito. Nilimrushia kwa nguvu zangu zote. Ilimpata juu ya jicho, ikasikika, na damu ikamwagika kwenye lile shati.

Kiti kilimtoka. Nilisimama, natema damu, nikamwambia kwa sauti ambayo duka la chini waliisikia: "Nani alisema jeton mpya inaua ya zamani? Nani alisema tutupe? Sema!"

Alijua kabla sijafungua mdomo, na mimi naamini ndiyo maana alipiga vile. Alivua shati, akalikunja, akaligandamiza kwenye jicho, akavuta benchi akakaa pembeni yangu na fulana tu. "Andika," alisema.

Niliandika. Nilifuta yote ya mkono wangu, nikachukua kile kitu cha tayari alichotukataza, kinachoitwa Session, kinachojua chenyewe kuki ipi ni ya mlango upi. Ni mstari mmoja. Alikiona, akaniacha niendelee. Damu yangu ilidondoka kwenye kibodi, yake ikadondoka mezani, na majina ya Burundi yakaanza kupita, mamia kwa mamia. Kabla ya robo saa jina la bibi likatokea. Alikuwa ameandikishwa siku ya pili ya vita, na mbele ya jina lake kuna sehemu ya maelezo: anaulizia mtoto wake, mwalimu, Kamembe.

Alitoka na fulana ileile yenye damu, hakungoja kushonwa. Waliokwenda naye Burundi walinisimulia kwamba alimkuta kwenye sakafu ya shule, ana homa, hajui siku. Wahudumu walimwambia siku tisa bibi aliuliza kila aliyepita, mutoto wangu amekuya? Siku ya kumi hakuuliza tena. Mwalimu alipoinama juu yake akasema maman, bibi alimtazama akamwambia asante, bwana, Mungu akubariki. Homa ilipona. Hilo halikupona.

Darasa lilifungwa. Mimi nilipata kazi kwenye ofisi moja ya hapa mjini, na kwa muda mrefu sikutaka kusikia habari zake. Nilikuwa namchukia, na wakati huohuo nikiandika kosa dogo bega langu linapanda lenyewe. Alinifundisha kila ninachokijua. Ningefurahi kama angekuwa mwingine.

Mwaka ulipopita nilipanda Mibirizi kumwona. Alikuwa amekodi nyumba ndogo karibu na hospitali, kwa ajili ya bibi, njia ya kwenda ni ya mguu kati ya migomba. Nilibeba sukari na sabuni. Alinifungulia mlango yeye, amekonda, kovu limegawanya nyusi. Shati lilikuwa limepigwa pasi.

Bibi alikaa kwenye kiti chenye mto, miguu imefunikwa kitenge, safi kabisa. Alinishika mikono miwili akanikaribisha kwa furaha. "Karibu, mutoto. Mwenye nyumba hayuko, ni mutoto wangu, alienda kufundisha. Huyu bwana ananisaidiaka."

"Kila asubuhi ninamuambia mimi ni nani," Mwalimu aliniambia kwa sauti ndogo. "Anashukuru. Anasema nikimuona mutoto wake nimusalimie." Nje mvua ilikuwa imeanza. "Zaina, ile ya jeton. Nilibafundisha vibaya."

"Najua, Mwalimu," nilisema. Nilikuwa nimengoja neno lile mwaka mzima, na lilipokuja sikuona mahali pa kuliweka.

Aliinuka anipe chai. Vikombe vilikuwa kwenye rafu, juu ya kichwa changu. Aliponyoosha mkono wa kulia kuchukua kimoja, mimi, mwanamke wa miaka ishirini na minane mwenye kazi yangu, nilijikunja na kufunika uso kwa mikono miwili. Sikuamua. Mwili uliamua.

Nilipoondoa mikono bibi alikuwa ananitazama. Akamtazama yeye. Akanirudia mimi.

"Mutoto, huyu bwana anakupigaka?"

Ningeweza kudanganya. Mwalimu alisimama na kikombe mkononi, ananiangalia, na sijui alitaka niseme nini.

"Ndiyo, maman," nilisema. "Alinipigaka. Siku mingi."

Bibi alishika ukingo wa kiti akasimama. Hakuwa na nguvu za kusimama, lakini alisimama, kitenge kikaanguka. Alimwonyesha mlango.

"Toka. Toka kwa nyumba ya mutoto wangu. Mutoto wangu hapigake muntu. Akikukuta humu atanilaumu, atasema, maman, uliingizaje muntu wa namna hii?"

Mwalimu alifungua mdomo. Nilijua neno alilotaka kusema, alikuwa analisema kila asubuhi. Akaufunga. Aliweka kikombe mezani taratibu, akavaa viatu, akatoka kwenye mvua bila koti.

Bibi alisukuma komeo mwenyewe. Akarudi akakaa karibu nami, akanimiminia chai.

"Kunywa, mutoto," alisema. "Usiogope. Mutoto wangu anakuya sasa hivi."